Karatasi ya Bati kwenye Cherehani

Mshonaji alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila siku alishona sare za shule kwa cherehani ya umeme. Siku tatu mfululizo, kichwa kilimgonga.

"Ni mionzi ya umeme, mwanangu," alisema mama mkwe wake. "Itamdhuru mjukuu wangu." Habari hiyo aliipata sokoni, na habari za sokoni hazikosi kutiwa chumvi.

Asubuhi iliyofuata aliamka na dawa yake. Alizungushia mota ya cherehani na waya wake karatasi ya bati, ile ya kufungia chakula, ili mionzi isitoke. Mshonaji alipoigusa tu, akapigwa shoti. Akapiga yowe.

"Umeona? Ndiyo mionzi hiyo!"

Wakamwita jirani yao, fundi umeme. Watu walimwita Mama Koleo, kwa kuwa koleo halikukosa mfukoni mwake. Kwanza alichomoa plagi. Kisha akabandua karatasi. Waya ulikuwa umechunika, na bati lilikuwa limeugusa.

"Hii si mionzi, mama. Bati hupitisha umeme. Umemfikishia mkwe wako umeme hadi mkononi."

Mama mkwe akaketi. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe ningewaua wote wawili?"

"Ulitaka kuwalinda. Njia ndiyo uliyokosea."

"Na hiyo mionzi, haipo?"

"Chombo cha umeme kikifanya kazi, huwa na nguvu ya sumaku pembeni yake. Ukisogea kidogo, inapungua sana. Wataalamu bado wanachunguza, lakini hawajathibitisha kwamba ile ya vyombo vya nyumbani inadhuru mimba. Waya uliochunika hausubiri uchunguzi. Unaua leo."

"Basi kichwa kinatoka wapi?" aliuliza mshonaji.

"Mimi ni fundi wa nyaya, si wa vichwa. Kliniki umesema?"

Mshonaji akainama. Hakuwa amesema. Wote walikuwa wameshapata cha kulaumu: mionzi.

Siku hiyohiyo wakaenda. Nesi alimpima presha. Ilikuwa imepanda sana, akalazwa.

"Mngechelewa zaidi, tungeongea mengine," alisema nesi.

Mama Koleo alibadilisha waya. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya bibi yake.

Siku hizi mama mkwe bado anakwenda sokoni, na bado hanyamazi. "Waya ukichunika, mwiteni fundi," anawaambia wenzake. "Kichwa cha mjamzito kikiuma, mpelekeni kliniki. Mimi nilikitibu kwa karatasi ya bati, nikakaribia kuzika wawili."

Safari hii hatii chumvi hata chembe.