Jicho Ndani ya Mtutu

Bunduki ya saba ilikonyeza.

Fundi alikuwa ameielekeza dirishani, jicho lake nyuma ya mtutu, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Mtutu ulionyooka, ukiutazama hivyo, huonyesha duara za mwanga zilizopangana hadi mwisho. Za huu zilipangana vizuri, kisha mwisho kabisa pakawa giza, na lile giza likafumba na kufumbua. Fundi aliishusha bunduki, akachungulia nje. Hapakuwa na mtu, ila nguo zake mwenyewe zikikauka kambani.

"Kichwa kimechoka hiki," alijisemea, akatazama tena.

Lilikuwa jicho. Kwenye weupe wake palikuwa na doa dogo la kahawia, na doa lile alilijua, maana ndiye aliyemchomoa mdogo wake mwiba jichoni utotoni huku akimbembeleza anyamaze. Mdogo wake huyo sasa alikuwa askari wa msitu, katika kikosi kilekile kilichozisubiri bunduki hizi azikague na kuzipiga muhuri. Atakayoipitisha dada, kaka ndiye atakayeiweka shavuni.

Muuzaji wa bunduki hizo alikuwa mumewe, wakala wa kiwanda. Watu waliwatania kwamba hiyo ni kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani, na wao wakacheka pamoja nao, kwa kuwa fundi hakuwahi kumpendelea.

"Muhuri wa kiwanda hiki siujui," alimwambia siku mzigo ulipofika.

"Kinaaminika, mke wangu. Hakijawahi kurudishiwa bunduki hata moja."

"Kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu waliozipiga hawakurudi?"

Mume alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa mcheshi, kope yake ya kushoto imelegea tangu kuzaliwa, na akicheka ilifumba kabisa.

Ilibaki kuigonga ile ya saba. Fundi aliining'iniza kwa kamba, akaugonga mtutu kwa nyundo ya mti. Chuma kizima hulia kirefu. Chenye ufa hukohoa. Huu haukulia wala haukukohoa. Ulisema taratibu, "Dada."

Nyundo ilimponyoka. Tangu hapo harufu ya nywele zilizoungua ikawa inamfuata, ikitoka naye karakana, ikiingia naye jikoni, ikikaa juu ya sahani kabla hajala, mpaka akawa anafungua madirisha yote ya nyumba na kusimama katikati ya upepo mchana kweupe, akijinusa mikono, akinusa pazia, na harufu ikiwa bado pale pale mbele ya pua yake, imemsubiri.

"Wewe huisikii?" alimnong'oneza mumewe.

"Sisikii kitu. Sema polepole, majirani wasikie ya nini?"

Akamsimulia lile jicho na ile sauti. "Niikatae hii moja."

"Ukikataa moja wanarudisha zote. Hilo ni jini, mke wangu. Majini huiba sura za tuwapendao. Tumwite mganga alitoe." Akamshika mikono. "Unaniamini?"

"Nisipokuamini wewe, nimwamini nani?"

Mganga alikuja asubuhi. Mume aliingia naye karakana, fundi akaambiwa akae nje kwenye benchi. Alisikia manuizi, akasikia chuma kikitetemeka, kisha akasikia sauti ya mdogo wake, si ya sasa bali ya utoto, ikilia, "Dada, wananitoa, dada, waambie wasinitoe," na yeye akaung'ata mtandio na kuziba masikio kwa viganja, akijikumbusha kwamba ni jini, ni jini tu, huku sauti ikizidi kuwa ndogo na kusogea mbali, mpaka pakawa kimya.

Mume alitoka anatokwa na jasho. "Ametoka. Ila mganga amekataza isigongwe tena, asije akaamka."

Fundi alitazama ndani ya mtutu. Duara zilifika hadi mwisho, safi. Harufu haikuwepo. Aliinua mkono kuichukua nyundo, akamwangalia mumewe, akaushusha. Akapiga muhuri wake.

"Hii yangu," mdogo wake alisema siku ya kuzichukua, akaibusu kitako kumchekesha. "Dada akishapitisha, mimi nalala usingizi."

Ilipasuka kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya kwanza. Waliomleta nyumbani walikuwa wamemfunika uso, na aliponyanyua shuka alikutana na ile harufu.

Mganga naye alikuja kutoa pole. Akamwinamia. "Mwanangu, kwa nini uliipitisha?"

"Si ulimtoa? Si ulikataza isigongwe?"

"Mimi?" Mzee alishtuka. "Nilimwambia mumeo: huyu hakuja kudhuru, kaja kuonya, mtutu una ufa. Nikimtoa, chuma kigongwe tena. Akasema nimtoe tu, mengine atakuambia mwenyewe."

Kifo cha mdogo wake kilimliza fundi. Hili lilimkausha machozi. Alikuwa amelisikia mara nyingi neno la kikulacho ki nguoni mwako, asijue kwamba chaweza pia kumshika mikono na kumuuliza kama anamwamini.

Hakumwambia mumewe kitu. Akampikia, akampokea koti mlangoni. Haukupita muda mrefu mume akaja karakana na bunduki nyingine ya kiwanda kile.

"Wanunuzi wapya wamejaa maneno," alisema. "Nitaipiga mwenyewe mbele yao. Nitazamie tu."

Fundi aliielekeza dirishani. Duara, duara, kisha giza. Giza likafumbua. Kope ya kushoto ilikuwa imelegea. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana nzima, na mume, aliyesimama karibu naye akifunga vifungo vya koti, hakunusa lolote.

"Mbona huigongi?" aliuliza.

"Si mganga alikataza?"

Mume alifungua mdomo. Fundi aliishusha bunduki, akamsubiri. Angesema neno moja la kweli, moja tu, angemwambia alichokiona. Alimsubiri kwa moyo wake wote, kwa kuwa alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mume aliufunga mdomo. Akatazama sakafu, akakohoa.

"Ni kweli, alikataza," alisema. "Basi, ni safi?"

"Safi kabisa, mume wangu," fundi alisema, akampa kwa mikono miwili.