Nyuma Iko Nani

Saa kumi na mbili kasoro robo za jioni nilikuwa nimesimama penye pipa jekundu, upande wa Arua, bendera mbili kwapani, nikingoja kijiti kirudi kutoka bondeni.

Daraja letu liko kwenye barabara ya Koboko, mahali ambapo mvua ilikula nusu ya lami, na nusu iliyobaki inatosha gari moja tu. Njia inashuka, inapinda kwenye mihogo, inavuka mto, inapinda tena, kisha inapanda. Mimi nilikuwa mwisho huu. Keji, mama aliyevuka kutoka Sudan Kusini na watoto wanne, alikuwa mwisho ule. Hatuonani. Na bondeni simu haishiki.

Ndiyo maana tulikuwa na kijiti.

Mzee Ondoga ndiye aliyetufundisha. Siku hizi analinda mitambo ya barabara, lakini ujana wake aliumalizia kwenye reli, kituo kimoja mbali, ng'ambo ya Nile. Huko, alisema, treni mbili zilizuiwa kukutana kwenye njia moja kwa kipande cha chuma tu. Asiye nacho haondoki. Sisi alituchongea kijiti cha mti mgumu, akakitia alama tatu kwa kisu, akapaka ncha moja rangi nyekundu. Kikiwa kwangu, naruhusu magari yangu, na dereva wa mwisho anakipeleka kwa Keji. Kikiwa kwake, naye anafanya hivyo hivyo. Asiye nacho anangoja, hata apigiwe honi mpaka masikio yazibe.

Na kila anayekileta lazima aulizwe, kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Nyuma iko nani?"

"Nyuma iko hakuna mtu."

Hapo ndipo bendera ya kijani inapanda.

"Hata akileta mkubwa ya polisi, uliza," Mzee alituambia. "Hata bibi yako ya nyumbani, uliza."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa ile, saa kumi na moja, binti yangu Patience alikuwa amenipigia kutoka Koboko. "Baba, mimi tayari ndani ya pikapu ya Nasuru. Usimalize kuku." Ndiye mtoto wangu pekee. Mama yake alifariki akimnyonyesha. Sikuwa na kingine duniani cha kupoteza.

Kwa hiyo nilingoja. Mbele ya foleni yangu lilikuwa lori la mafuta la Wahabu, na nyuma yake basi, na nyuma ya basi sijui nini tena. Wahabu alitoa kichwa dirishani.

"Alionzi! Unangoja nini, harusi?"

"Nangoja kijiti."

"Lita elfu thelathini iko simama hapa sababu ya kuni ya mama yako ya kupikia!"

Watu kwenye basi wakacheka. Nami nikacheka. Wahabu ana mdomo, lakini msimu wa mvua aliwahi kunipa koti lake.

Kisha vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Ikaja harufu. Si ya mafuta ya Wahabu. Ilikuwa harufu ya grisi iliyopata moto, na moshi mzito wa makaa, kama karakana ambayo milango yake haijafunguliwa miaka mingi. Niligeuka huku na huku. Hakuna aliyewasha moto.

Halafu nikasikia mnyororo wa baiskeli.

Kra... kra... kra...

Mzee mmoja akatokea kwenye mpindo, akipanda mlima taratibu. Suruali imekunjwa, miguu mitupu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Baiskeli haikuwa na taa. Alisimama hatua moja kabla ya pipa, akanyoosha mkono juu yake, akaniwekea kijiti kiganjani.

Kilikuwa cha moto.

Nilikigeuza. Alama tatu. Ncha nyekundu.

"Nyuma iko nani?" nikauliza.

Alinong'ona, karibu bila kufungua midomo.

"Nyuma iko mimi."

Wahabu akapiga honi. Basi likapiga honi. Nami sikio langu lilikuwa limesikia jibu lile lile mara arobaini kwa siku, kwa miezi minne. Likasikia "Nyuma iko...", na yaliyobaki likajijazia lenyewe.

Nikainua kijani.

Lori likanguruma likanipita. Nikazuia basi lingoje kidogo, maana lori lenye mzigo huo tunaliachia nafasi, na hapo nikamwona yule mzee. Hakuwa amevuka pipa. Alikuwa amegeuza baiskeli na anashuka tena bondeni, kandokando ya lori, bila haraka.

Ndipo maneno yakanirudia.

Nyuma iko *mimi*.

Kama yeye ni wa mwisho, wako wapi waliokuwa mbele yake?

Hakuna gari lililokuwa limetoka.

Patience.

Nilikimbia. Niliita "Wahabu! Wahabu!" mpaka sauti ikapasuka, lakini nani ataisikia sauti ya mtu mbele ya injini ile? Ndala moja ilinitoka. Nilitikisa bendera nyekundu nyuma ya lori, mahali ambapo dereva hawezi kuiona. Taa zake mbili zilizidi kuwa ndogo. Nilikuwa na bendera, nilikuwa na kijiti, na sikuwa na chochote. Nilichofanya tayari kilikuwa kinateremka mlima mbele yangu, na miguu yangu ya miaka hamsini na mitatu haikuweza kukifikia.

Taa zikapotea kwenye mpindo.

Kisha... filimbi.

Ndefu. Ya chini kwanza, halafu ya juu, ikijaza bonde lote. Ardhi ikatetemeka chini ya unyayo wangu usio na kiatu. Nimesafiri kwa treni mara mbili maishani, mbali na hapa. Naijua ile sauti. Lakini Arua hakuna reli. Haijawahi kuwepo.

Matairi yakalia.

Nikasubiri mshindo. Nilifumba macho, Mungu anisamehe, nikausubiri.

Haukuja.

Nilipofika kwenye mpindo, lori lilikuwa limesimama mshazari. Mbele yake, pua kwa pua, ilikuwa pikapu ya Nasuru. Nilipitisha mkono katikati. Vidole viliingia. Kiganja hakikuingia.

Patience alikuwa nyuma, juu ya gunia la maharage, mikono kichwani. Mzima.

Nasuru alikuwa ametoa mkono wake dirishani, hajui kwamba ameutoa. Ameshika kitu.

Alama tatu. Ncha nyekundu.

"Huyo mama ya Sudan!" alipiga kelele alipopata pumzi. "Yeye ndiyo ilinipa hii! Yeye ndiyo ilisema mimi wa mwisho! Ni mchawi, anataka kula sisi!"

"Keji amefanya sawa," nikasema. "Mimi ndiye niliyeinua kijani." Nikamwonyesha kijiti changu. Akakitazama, kisha akatazama chake.

Wahabu alikuwa ameketi barabarani. Mdomo ule wote ulikuwa umeisha.

"Mimi nilisikia treni," alisema. "Alionzi, mimi si mlevi. Nilisikia treni, mguu yangu ikakanyaga breki yenyewe."

Hakuna aliyemcheka.

Patience alishuka, akanishika mkono kama zamani tulipokuwa tukivuka barabara ya soko.

"Baba," alininong'oneza. "Yule mzee ametoka?"

"Mzee gani?"

"Wa baiskeli. Alikuwa nyuma yetu tangu tuliposhuka. Nasuru aliongeza mwendo, naye yuko pale pale nyuma. Baba... hakuwa akikanyaga."

Ningemwambia nini? Kwamba mtu aliyekuwa nyuma yake alinifikia mimi kabla yake?

Na kwamba alikuwa ameniambia ukweli.

Asubuhi niliviweka vijiti viwili mbele ya Mzee Ondoga. Vyote vilikuwa vimepoa. Hakuvigusa. Alizungusha kikombe cha chai.

"Kwa reli," alisema, "siku moja treni ilichelewa. Mwenzangu ya kituo ingine akaniletea chuma kwa baiskeli. Kulikuwa na haraka. Sikuuliza kitu. Nikaachilia treni. Yeye alikuwa anarudi kwao na hiyo baiskeli, katikati ya reli. Sababu ni fupi."

"Aliitwa nani, Mzee?"

"Jina yake mimi sitaji."

Nimelifikiria jambo hili sana. Wengine wanasema alikuja kuua, kulipiza kwa yeyote mwenye haraka. Keji anasema alikuja kuzuia, na ile filimbi ni yeye. Mimi sijui. Aliniletea kijiti cha uongo na jibu la kweli, na kati ya hivyo viwili mimi ndiye niliyechagua nisikie nini.

Tulishindwa kujua kijiti kipi ni kipi. Keji alifumba macho akachukua kimoja. Kingine tulikichoma, kikachukua usiku mzima kuwa majivu.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema. Alama za tairi za baiskeli tulizikuta asubuhi ile pembeni mwa lami, kwenye tope. Zinatoka kwenye pipa langu, zinashuka hadi mtoni. Zinaishia hapo. Kwa Keji hakutoka. Kwangu hakutoka. Na sheria ya kijiti ni moja tu: mtu akiingia, njia haiko wazi mpaka atoke.

Jumapili jioni Patience alikuwa anarudi Koboko. Pikapu ya Nasuru ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Dereva mmoja alipanda kutoka bondeni akanipa kijiti.

"Nyuma iko nani?"

"Nyuma iko hakuna mtu."

Nilitazama bonde. Vyura walikuwa wakilia. Nilivuta hewa puani, mara mbili, mara tatu. Nasuru akanitazama. Patience akanipungia mkono.

Nikainua kijani.