Mzee Kasimiri Hajajibiwa

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme haya hayatatoka hapa. Umesema? Haya. Na mimi nilimwapia Redempta hivyo hivyo, tena nimeshika rozari, na kesho yake chai haijapoa nilikuwa nimeshamwambia Salome wa mashine ya kusaga. Ukimwambia Salome umetangaza kanisani. Kwa hiyo kiapo chako kitunze, changu kilishavunjika zamani. Sogea.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi zote. Redempta alikunywa uji wa ulezi, akajifunga kanga juu ya sweta kwa sababu ya baridi, akatoka mtaa wetu wa Izia kwenda mtaa wa Malangali kuwapikia Wazungu wake.

Wazungu wenyewe walikuwa vijana wa Sweden, bendi nzima, wamepanga nyumba ile ya bati la kijani. Nywele hadi kiunoni, wanaume kwa wanawake, na nguo nyeusi tii kama watu waliofiwa wote siku moja. Watu wa Malangali walikuwa na maneno! Wengine walisema wamekuja Sumbawanga kununua radi. Wengine walisema radi hainunuliwi na Mzungu, hao wametumwa. Kumbe walikuja kutengeneza albamu yao ya pili. Muziki wao unaitwa metali. Gitaa linakoroma kama trekta lililokwama kwenye tope, halafu juu yake unapita wimbo mtamu wa kubembeleza, mpaka unajiuliza kwaya imeingiaje ndani ya trekta.

Mwimbaji wao aliitwa Linea. Babu yake aliwahi kuchimba visima huku Ufipa, akamsimulia mjukuu juu ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma, na mengine yamesimama porini hadi leo. Kila tanuru, ilungu, lilikuwa na nyimbo zake. Linea alizitaka hizo nyimbo.

"Mama Redempta," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "albamu ya kwanza watu wanasema bahati. Ya pili ndiyo wanasema ukweli."

Redempta akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," huku akichambua maharage. Lakini Redempta hakwenda pale kwa ajili ya maharage.

Baba yake alikuwa Mzee Kasimiri, mtu wa mwisho wa ukoo wa wayeyusha chuma. Utotoni mzee alimfuata baba yake kwenye ilungu la mwisho, na akarithi kikapu. Usiulize ndani mna nini, hata mimi sijui, mizizi na pembe na mambo ya wanaume. Kikapu hicho ndicho kilichowekwa chini ya tanuru, ambalo wao waliliita bibi harusi, ili likubali kuzaa chuma, na mwenye kikapu huzikwa nacho. Mzee alikilalia miaka yote, chini ya kitanda.

Siku moja Redempta alirudi kutoka kuvuna ulezi akamkuta baba yake ameketi kitandani, anautazama mlango. Chini ya kitanda hapana kitu. Mzee hakulia wala hakumtaja mtu. Alisema neno moja tu.

"Sijajibiwa."

Akawa anasema hilo hilo. Ukimpa uji, sijajibiwa. Padre alipokuja na mafuta matakatifu, sijajibiwa. Padre akadhani ni habari ya sala, akamwambia Mungu ana wakati wake. Mzee akafa na neno lile mdomoni, akazikwa mikono mitupu.

Unadhani ukoo ulimlaumu nani? Aliyeishi naye. Kaka yake Redempta, Adriano, alimsimamia hapo makaburini.

"Umekiuza kwa Wazungu. Siku ya kumaliza msiba kikapu kiwepo. Kisipokuwepo, nyumba utatoka, shamba utaliacha, na baba si wako tena."

Na shangazi yao Cornelia, yule mwenye ulimi wa upupu, akaongeza, "Hata kumlilia usimlilie. Mwizi halii."

Neno hilo, mwanangu, Redempta alilimeza, na halikuyeyuka. Akaapa atamjua aliyefanya hivi, na akishamjua hatamhurumia. Waliposema Wazungu, akaenda kwa Wazungu. Akaomba kazi ya jikoni. Akapekua kila begi na kila uvungu. Kikapu hakuna.

Mpaka mchana ule.

Chumba cha kurekodia walikuwa wamekiziba madirisha, wametundika mablanketi ukutani na kubandika trei za mayai. Redempta akaingia na sinia la chai. Yule mpiga ngoma mkubwa mwenye ndevu, Gustavu, ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Akabonyeza. Sauti ya mtu mzima ikatoka kwenye spika, nyembamba, inaimba Kifipa, na gitaa likiifuata polepole nyuma.

Kabla ya ubeti wa tatu, yule mwimbaji akakohoa. Mara mbili, halafu kama anakwaruza koo.

Redempta akalitua sinia mezani. Kikohozi kile alikiuguza yeye mwenyewe. Alikifahamu kuliko jina lake.

Sauti ikaendelea. Umekula mkaa, umekula udongo mwekundu, bibi harusi wetu umeshiba. Nani kabeba kikapu changu?

Hapo ikakatika.

"Nani huyu?" Redempta alinong'ona.

"Babu yangu mzaa mama," akajibu mtu nyuma yake. Alikuwa Felisian, mkalimani wao, kijana wa mjini ambaye viatu vyake havikushika tope hata masika. "Nilimrekodi kwenye simu kabla hajafa. Alichoka, mwisho hakuumaliza. Unaupenda, dada Rede?"

Redempta alikuwa anatazama vikombe. Ile chai ilikuwa imekwisha kupoa. Sasa ilikuwa inachemka. Inachemka yenyewe, kwenye kikombe, mapovu yanapanda. Linea alishika maiki akaiachia kwa ukelele. Kiganja chake kilikuwa chekundu.

Na nje, Sumbawanga nzima inatetemeka kwa baridi.

Redempta akarudi jikoni akakaa kwenye kigoda. Sasa aliyaona yote. Felisian alikuja Izia yeye akiwa shambani, ndiyo maana hakumjua kuwa ni binti wa mzee. Alimwomba mzee aimbe. Mzee akiimba hufumba macho, ndivyo walivyofundishwa, kwa sababu tanuru likizaa halitazamwi. Na wakati macho yamefumbwa, mkono uliingia chini ya kitanda. Mzee hakuchoka. Mzee alifika kwenye swali akanyamaza, kwa sababu swali lile lina mjibuji wake. Kwenye ilungu, aliyebeba kikapu akiulizwa hujibu, "Ni mimi," akakiweka chini mbele ya watu. Asipojibu, wazee walisema, tanuru haliachi kuuliza. Halijali umekwenda wapi.

Felisian ni wa ukoo wa wenye duka. Angejulia wapi?

Ungekuwa wewe ungepiga kelele. Redempta hakupiga. Alijua Felisian angesema ni uongo, na Adriano angeamini shati lililopigwa pasi kuliko dada yake. Akamimina chai nyingine. Ndani ya moyo wake mliingia kitu baridi na kitamu.

Toka siku hiyo nyumba ile haikutulia. Gustavu akipiga ngoma, kisha wakisikiliza waliyorekodi, chini ya ngoma mnapumua kitu. Pumzi ndefu, kama moto unaovuta hewa kwenye tundu. Wakizima mashine, pumzi inabaki kidogo. Redempta alifunua sufuria ya maharage akakuta jiwe jeusi lenye matundu, zito. Mavi ya chuma, yale mabaki ambayo tanuru hutapika. Lilikuwa la moto, na sufuria ilikuwa bado haijawekwa jikoni.

"Mama," Linea alimnong'oneza karai likiwa katikati yao, wanaosha vyombo, "yule mzee anapumua hata tukizima. Tufute wimbo?"

"Usifute," Redempta akasema. "Wimbo huo haufutwi. Una kikapu chake, ndiyo maana unasumbua. Mwambie Felisian alete kikapu cha babu yake. Upige picha, uweke kwenye jalada la albamu yenu. Na siku mtakayoaga, uwapigie majirani wausikie."

Linea akampenda kwa hilo. Akamwita Felisian hapo hapo. Redempta akajifanya anasugua ukoko.

"Kikapu?" Felisian alisema, na macho yakamng'aa kama mtu aliyepata mnunuzi. "Kipo nyumbani. Nitakileta siku hiyo hiyo, poa?"

Redempta akasugua ule ukoko mpaka sufuria ikatoboka, nakwambia.

Siku mbili tatu mbele Felisian alimfuata jikoni peke yake. Alikuwa amekonda shingo. Mikono ameitia kwapani kama mtu mwenye homa.

"Dada Rede. Hivi ule wimbo una mwisho?"

"Kwa nini?"

"Basi tu." Akatazama nyuma. "Nikikaa peke yangu kuna mtu ananiuliza kitu. Sielewi vizuri, ni Kifipa cha zamani. Ananiuliza, ananyamaza. Ananisubiri."

Redempta akamtazama. Hili ndilo aliloniapisha, mwanangu: hapo angeweza kumwokoa kwa neno moja. Arudishe, ajibu, yaishe. Akamkumbuka baba yake ametazama mlango.

"Mtu akiulizwa," alisema, "si anajibu?"

Akageukia mboga zake.

Siku ya kuaga, Redempta ndiye aliyealika. Kwa Adriano alipeleka ujumbe kwamba Wazungu wanapika wali na dagaa wa Kabwe. Kwa shangazi Cornelia alisema kuna soda. Wakaja, ukoo mzima, pamoja na Malangali yote. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nilikuwa na kiti changu.

Ilikuwa alasiri, mawingu yamekaa juu ya bati. Bendi walitoa spika barazani. Wakapiga nyimbo zao, watoto wakaruka, Cornelia akaziba masikio huku soda haiachi.

"Haya mashetani ndiyo yaliyonunua kikapu cha kaka yangu," alisema kwa sauti, makusudi. "Na muuzaji yule, kajitanda kanga mpya."

Redempta akaendelea kupakua wali.

Felisian akafika akiwa wa mwisho, begi mgongoni. Akapita kwenye viti kwa kujibana, mtu asiliguse begi lake. Linea alipolitazama, akatabasamu. Akashika maiki, akasema wimbo wa mwisho ni wa babu wa rafiki yao Felisian. Watu wakampigia makofi. Felisian akainama kushukuru.

Gustavu akabonyeza.

Sauti ikatoka. Adriano alikuwa ameinua mkono wa wali kwenda mdomoni. Mkono ukasimama. Kikohozi kikaja, mara mbili, na kukwaruza koo, na soda ya Cornelia ikaanguka.

"Kasimiri," alisema. "Jamani, huyo Kasimiri."

Umeme ukakatika.

Kwetu umeme kukatika si habari. Feni ya kupoza mashine ikasimama, taa za spika zikafa. Gustavu akainua mikono yote miwili tuione, kwamba hashiki kitu.

Sauti haikukatika.

Umekula mkaa. Umekula udongo mwekundu. Bibi harusi wetu umeshiba.

Nani kabeba kikapu changu?

Hewa ikawa ya moto, moto wa kukausha macho, na baraza likaanza kuvuta pumzi.

Nani kabeba kikapu changu?

Felisian akasimama. Akapiga hatua kuelekea geti. Geti lilikuwa wazi, nililiona kwa macho yangu. Akafika, mguu ukainuka, haukushuka upande wa pili. Akarudi kinyumenyume. Begi lake likaanza kutoa moshi.

"Lishushe!" Adriano akapiga kelele. "Felisian, shusha hilo begi!"

Akalishusha. Akafungua zipu mwenyewe, akiwa analia bila sauti. Akaingiza mikono akakitoa. Kikapu kile kile. Cheusi kwa moshi wa miaka, mdomo umefungwa kwa ngozi. Kila mtu wa ukoo alikijua. Alitaka kukitupa. Vidole havikuachia. Alikikung'uta, alikigonga ukutani, vidole havikuachia.

Cornelia akatambaa nyuma ya kiti changu.

Redempta ndiye pekee aliyesogea. Alisogea taratibu, kanga ameikaza kiunoni, akasimama mbele ya Felisian karibu kabisa. Akasema polepole, lakini tulisikia wote.

"Umeulizwa."

Felisian akatazama watu. Akamtazama Adriano. Akatazama spika.

Nani kabeba kikapu changu?

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi. Alikuwa amefumba macho. Ni mimi."

Akapiga magoti, akakiweka chini kwenye saruji. Vidole vikafunguka. Viganjani mwake ule ususi wa kikapu ulikuwa umechoreka wote, ukili kwa ukili, mwekundu. Adriano alikigusa kikapu akashtuka. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Na kwenye spika isiyo na umeme, Mzee Kasimiri akakohoa. Mara mbili. Halafu akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Pita Malangali leo, kwenye ile nyumba ya bati la kijani. Barazani, pale kikapu kilipowekwa, kuna duara jeusi. Wamelisugua kwa sabuni, kwa mchanga, wamelipaka saruji mpya. Asubuhi liko pale pale, na ukiweka kiganja katikati yake, lina joto.