Siki Ilikuwa Kabatini

Kwenye baraza ya Msusi hakuna kiti kinachopoa. Akiinuka huyu, anakaa yule. Wengine hawaji kusuka, wanakuja kusikiliza. Nani kahama, nani karudiana na mumewe, nani kanunua friji na nyumba haina umeme. Msusi anasuka huku anacheka, na vidole vyake havikosei mstari.

Ila tangu dada yake afariki, kicheko chake kimekuwa kifupi.

Dada Mkubwa, kama walivyomwita nyumbani, alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi. Shingo ya kizazi ni mlango wa tumbo la uzazi, kule mtoto anakopitia. Alianza kutoka damu siku zisizo za mwezi, akadhani ni uchovu. Alipofika hospitali kubwa, daktari alisema ugonjwa umeshasambaa. Msusi alimuuguza mpaka mwisho. Baada ya mazishi alibaki na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani.

Sasa amebakiwa na mdogo mmoja tu, Mama Pacha. Mama Pacha anauza nguo za watoto, na mdomo wake hauna breki. Kila mwezi anawapeleka pacha zahanati kupimwa uzito. Sindano ya uzazi wa mpango anachoma hapo hapo. Msusi alishamwambia mpaka akachoka: nenda ukapimwe kile kilichomuua dada. Mama Pacha jibu lake ni lile lile. Haumwi kitu, na hemani haingii.

Hema lenyewe huja mara moja kwa mwaka. Kwanza hupita gari lenye kipaza sauti, likiwaita wanawake wakapimwe saratani. Kisha hema jeupe husimamishwa uwanjani, mbele ya gereji, mkabala na baraza ya Msusi. Anayeingia anaonwa na mafundi wote wa magari na wateja wote wa nywele. Kufikia jioni kila mtu ana lake la kusema. Fulani kaoza tumbo. Fulani ana wanaume wengi. Mwaka jana waliingia wachache, wakatoka wamejifunika mtandio mpaka puani.

Jumamosi moja alikuja kusuka mkunga mpya wa zahanati. Alitaka mistari myembamba, kazi ya mchana kutwa. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na kabla kichwa hakijafika nusu alishajua habari za nyumba zote za jirani. Mama Pacha alikuwepo, kakaa juu ya furushi lake la nguo. Mazungumzo yakafika kwenye hema. Mama Pacha akasema yeye bora afe kuliko kuvuliwa nguo uwanjani.

Mkunga akacheka. Akaeleza kwamba kipimo chenyewe ni kidogo sana. Mama analala kitandani. Mkunga anafungua njia ya uzazi kwa kifaa maalumu, anapaka siki kwa pamba kwenye ule mlango, anasubiri kidogo, anamulika kwa taa. Penye mabadiliko mabaya hugeuka peupe. Hiyo bado si saratani. Ni dalili kwamba inaweza kuja baada ya miaka, kwa sababu ugonjwa huu unakua polepole na mwanzoni hauumi hata kidogo. Mara nyingi penye weupe panatibiwa siku ile ile, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

"Siki?" Msusi aliuliza. "Hii ya jikoni?"

"Inafanana nayo. Yetu inapimwa na maji kwa kiasi maalumu."

"Na mnaisubiri ije na hema?"

"Hapana, ipo. Ipo kabatini. Taa ipo, na mashine ya kutibu ipo. Ila tumeambiwa ni vifaa vya kampeni, vitoke siku ya kampeni."

Vidole vya Msusi vikasimama. 

"Tangu lini?"

Mkunga alisema alivikuta. Wenzake walimwambia vina miaka kadhaa pale. Akaanza kuinuka, maana aliona uso wa Msusi umebadilika. Msusi akamshika bega, akamrudisha kitini. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, upande wa pili umesimama kama ufagio.

"Hutoki hapa na nusu kichwa," Msusi alisema. "Kaa unieleze vizuri. Dada yangu aliwekewa kitanzi cha uzazi wa mpango kwenye chumba chenu. Mtu akiwekewa kitanzi, ule mlango mnauona au hamuuoni?"

Mkunga alitazama chini. "Tunauona."

"Kwa hiyo mliuona."

"Mimi sikuwepo, dada. Lakini ndiyo. Aliyemwekea aliuona."

Msusi akaanza kusuka tena, kwa nguvu, mpaka mkunga akatoa machozi na asijue ni ya kichwa au ya maneno. Kisha mkunga akasema jambo lililowachoma wote. Alisema zahanati ina kosa lake, hakatai. Lakini wenzake walimsimulia kwamba siku ya hema viti vya baraza hii hugeuzwa vikatazama uwanjani, watu wanatafuna karanga na kuwataja wanaoingia.

"Na ugonjwa huu hauna umalaya, shoga zangu," aliongeza. "Kirusi chake kinawapata watu wengi sana, wanawake kwa wanaume, hata mwenye mume mmoja tangu aolewe. Wengi mwili unakifukuza wenyewe. Wachache kinabaki, kinaharibu kimya kimya. Mabinti wadogo wana chanjo yake. Sisi tulioizidi umri, dawa yetu ni kupimwa kabla hatujaumwa."

 Karanga zile hata Msusi alizitafuna.

Jumatatu asubuhi, benchi la zahanati lilijaa wanawake wa barazani. Mkuu wa zahanati mtaani anaitwa Bwana Ratiba, kwa kuwa kwake kila kitu kina siku yake. Jumatatu uzito wa watoto, Jumanne sindano, na ukija na kikohozi siku ya vidonda utatamani kikohozi kikusubiri nyumbani. Alitoka ofisini akauliza nani anaumwa.

"Hatuumwi," Msusi alisema.

"Sasa kama hamuumwi mmefuata nini?"

"Tumefuata kisichouma. Dada yangu alikaa benchi hili akiwa mzima, na mtoto mgongoni, mwaka hadi mwaka. Mlimpima mtoto. Mlimwekea kitanzi. Mlimuuliza alichokuja nacho, mkamhudumia hicho hicho, mkamwambia nenda. Siki ilikuwa kabatini. Baba, ile siki mlikuwa mnamwekea nani?"

Bwana Ratiba alivuta pumzi. Akasema foleni ni ndefu na wafanyakazi ni wachache. Akasema vifaa vile vina ripoti yake, na kampeni itatangazwa. Hapo mkunga akatokea mlangoni, nywele zake zimelala vizuri. Alisema kwa heshima kwamba mama wa kitanzi tayari yuko kitandani na taa inawaka. Kumpaka siki ni dakika chache tu. Na mama wa sindano, au aliyeleta mtoto, anaweza kuulizwa swali moja: umeshapimwa? Asiyepimwa aingie chumba kile kile, siku ile ile.

"Nikianza leo," Bwana Ratiba alisema, "kesho mtajaa mpaka nje."

"Tujae," Msusi alisema. "Hapa si harusini, useme wageni watazidi chakula. Tukijaa wazima huku, wachache watalazwa kule. Dada yangu alilala miezi kitanda cha hospitali kubwa. Mnaona foleni hii ndiyo ndefu?"

Bwana Ratiba alitazama benchi. Baadhi ya wale wanawake alishawazalisha. Alisema kwamba anamkumbuka Dada Mkubwa, alikuwa hachelewi miadi. Msusi akajibu kwamba ndiyo kinachomuuma: hakuchelewa yeye, mlichelewa nyinyi.

Bwana Ratiba akaingia ofisini, akatoka na ufunguo wa kabati.

Msusi akamgeukia mdogo wake. Mama Pacha akasema yeye amekuja kushangilia, hakuja kucheza. Dada yake hakucheka. "Nimebaki na wewe tu," alisema. Mama Pacha akampa pacha mmoja amshike, wa pili akamkabidhi jirani, akaingia. Mlango ukafungwa. Aliyepita nje hakujua kama kaingia kwa sindano, kitanzi au ushauri.

Alikaa ndani muda mrefu kuliko walivyotarajia. Mkunga akamwita Msusi, kwa ruhusa ya Mama Pacha. Siki ilikuwa imeonyesha weupe. Sehemu ndogo, pembeni.

Mama Pacha alikuwa kakaa kitandani, mdomo wake wenye maneno yote umekauka. Mkunga alimweleza tena, polepole. Hii si saratani. Inatibika leo, kwa joto la mashine. Atahisi maumivu kama ya mwezi, kisha yatapoa. Atatoka maji kwa wiki kadhaa. Kwa wiki nne asikutane na mumewe, na mwaka ujao arudi kuangaliwa.

"Wiki nne," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo. "Mume wangu ataandamana."

Alitibiwa asubuhi ile ile. Msusi alitoka akasimama nyuma ya zahanati, akalia kwa hasira. Weupe kama ule, labda na Dada Mkubwa aliwahi kuwa nao. Sehemu ndogo, pembeni. Kazi ya asubuhi moja.

Tangu siku hiyo swali lile halina siku yake. Anayeleta mtoto anaulizwa. Anayefuata sindano anaulizwa. Wenye miaka thelathini na zaidi wanapimwa, na wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaanza mapema zaidi na kurudi mara nyingi zaidi. Msusi alipimwa pia, akakutwa salama. Mama mmoja alikuja kufungwa kidole, akaulizwa, akafoka kwamba kidole na kizazi wapi na wapi. Alipimwa hata hivyo.

Mwaka uliofuata Mama Pacha alirudi kuangaliwa. Mlango wa kizazi ulikuwa msafi. Alitoka akaanza kumsimulia kila aliyekuwa benchini, pamoja na wasiouliza.

Wiki ile ile, mteja mgeni alikaa kwenye kiti cha Msusi. Alitoka mtaa wa ng'ambo ya barabara kuu. Aliposikia habari hizi, alisema kwao bado wanasubiri hema.

Msusi alifunga msuko wa mwisho. Akafuta mikono, akachukua mkoba wake.

"Mkuu wa zahanati yenu anaitwa nani?" aliuliza. "Twende ukanionyeshe."