Mpira Mmoja Tu

Kaka yangu alikuwa bingwa wa biliadi mara tatu, na sisi wadogo zake tulitembea mtaani vifua mbele kana kwamba fimbo tulishika sisi. Alifanya mazoezi ukumbini mchana, watu wakiwa kazini. Binti yake wa miaka sita alikuwa akikaa chini ya meza, kona ya kushoto, kiganja amekikinga chini ya wavu wa tundu. Mpira ukitumbukia, aliudaka kabla haujagonga mbao.

"Nimeudaka, baba!"

Mikono yake haikukosa chaki ya bluu, ile ya kupaka ncha ya fimbo.

Siku ya fainali ya tatu mtoto aliamka kifua kimembana. Kaka akasema ni mafua tu. Saa nane mchana, mchezo ukiendelea ukumbini, simu ikalia mfukoni mwangu. Nikamnong'oneza kaka, "Shemeji anasema mtoto hapumui vizuri. Anataka gari."

Funguo alikuwa nazo kaka. "Mwambie namalizia mpira mmoja tu."

Nilimwambia shemeji hivyo hivyo. Mungu anisamehe. Tulipofika nyumbani na kombe, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kaka yangu yalikuwa binti.

Ilipita miezi mingi ndipo akashika fimbo tena. Mpira wa kwanza ukaingia kona ya kushoto. Haukugonga. Tukatazamana. Wa pili. Kimya. Matundu mengine yote yalilia kama kawaida.

Tangu hapo alilenga kona ile tu, na bado akafika fainali ya nne, kwenye meza ile ile. Ukabaki mpira mweusi, ule wa mwisho wa ushindi, mdomoni mwa tundu la kona ile. Hata mimi ningeuingiza. Kaka akainama. Akaganda. Nami nilisikia, chini ya meza.

"Bado mmoja tu, baba."

Machozi yakamtoka mbele za watu. "Nikiuingiza, ataondoka," alininong'oneza. Akalaza fimbo, akampa mpinzani wake mkono. Ukumbi mzima ulimzomea.

Baadaye aliinunua meza ile, akaiweka sebuleni, na mpira mweusi akauweka pale pale ulipokuwa. Miaka kumi na moja tulifuta vumbi tukiuzunguka. Fimbo hakuigusa tena.

Jana tulimzika kaka. Tuliporudi, mpira haukuwepo mezani. Wavuni hamna. Tulipekua nyumba nzima.

Shemeji ndiye aliyeinama na tochi chini ya kona ya kushoto. Akaniita. Kwenye mbao palikuwa na alama mbili za viganja, bluu, bado mbichi. Kidogo kilikuwa juu. Kikubwa kilikuwa chini yake, kimekibeba.

Chaki ya mwisho ndani ya nyumba ile ilitupwa miaka kumi na moja iliyopita.