Nilijifungia Chumbani na Mashine, Rafiki Yangu Akabaki Nje na Mchumba Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, nimepanga nyumba hapa Kitengela. Kwetu ni magharibi mwa Kenya. Wasomaji wenzangu, sikujua moyo unaweza kuuma namna hii... Naandika haya kwa hasira, mnivumilie!

Kazi yangu wengi hawaijui. Kuna ofisi ambazo hujenga vyumba vya siri, kuta zake zimevikwa mabati ya shaba na mlango ni wa chuma kizito, ili simu au kinasa sauti kisiweze kurusha habari nje. Sisi huitwa kupima kama mawimbi yanavuja. Vifaa vyetu tunavibeba kwa masanduku mawili ya mkononi. Mtu mmoja hujifungia ndani na kifaa cha kurusha mawimbi. Mwenzake hubaki nje na kipokezi chenye antena, akikipitisha kwenye ukingo wa mlango na kila kona. Kipokezi kikinasa mawimbi, chumba hakijapita.

Simu haziruhusiwi ndani. Tena tuliapishwa tusiseme tunapima jengo gani, hata kwa watu wetu wa nyumbani.

Mwenzangu kazini alikuwa Mercy. Tulisoma chuo pamoja, tukaishi nyumba moja, na mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa mkubwa wetu. Nilimwita dada! Alidai mlango ukifungwa anakosa pumzi, kwa hiyo kila mara niliingia mimi, nikamwachia simu yangu. Namba ya siri aliijua. Ningemficha nini dada yangu?

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Leshan, mfugaji wa Kisaju mwenye duka la dawa za mifugo. Mwanamume mpole, mcheshi... Mama yake, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alikuwa ameanza kunitungia shanga za harusi. Niambieni, ningetaka nini zaidi?

Tulipopata kazi mjini Kajiado, mambo yakageuka. Leshan alizoea kunipigia mchana, wakati duka limetulia, na mchana ndio mimi niko ndani. Akaanza kununa. Jioni moja alitaka kujua ninashinda wapi. Nikamwambia siruhusiwi kusema, ila niko kwenye chumba kisicho na mtandao.

"Chumba gani hiyo Kajiado mzima haina network?" akaniuliza. "Na uko na nani huko ndani?"

Nilimweleza Mercy nikilia, naye akanipapasa mgongo. "Wacha mimi niongee na yeye," alisema. "Mimi ndio nakuonanga ukiingia. Ataniamini." Nikamshukuru! Nilimtuma kwa mdomo wangu mwenyewe akanitetee kwa mchumba wangu...

Baadaye familia ya Leshan ilipanga niende Kisaju, wazee wanione rasmi. Siku ikawekwa Jumamosi. Nilisuka nywele, nikanunua sukari, majani ya chai na shuka jipya la Yeyo. Nilipofika nilikuta boma limetulia. Masufuria yalikuwa yameoshwa na kuanikwa.

"Leo ndio unakuja?" Yeyo aliniuliza. "Wazee walikaa hapa jana mpaka jua ikaingia. Tulikutumia message siku imesongeshwa ikawa Ijumaa. Ukajibu uko na kazi ya maana kuliko sisi."

Ujumbe gani, jamani? Nilitafuta kwenye simu yangu, hakuna kitu. Niliapa, nikalia, nikapiga magoti. Yeyo alipokea shuka kwa adabu lakini hakuniangalia tena, na Leshan hakutoka hata nje ya nyumba. Na mnajua nililaumu nini? Mtandao! Nilirudi Kitengela nikiilaani kampuni ya simu, na Mercy ndiye aliyenipikia chai ya kunituliza.

Jumatatu tukarudi Kajiado. Nyuma ya kile chumba, juu ukutani, kulikuwa na tundu la hewa lililozibwa kwa wavu wa chuma wenye vijumba kama sega la nyuki. Hewa hupita, mawimbi hayapiti. Nilijifungia kama kawaida, nikamngoja Mercy agonge ukuta, ndiyo ishara yetu ya kuhamisha kifaa. Hakugonga. Joto lilikuwa kali, nikasogea chini ya lile tundu nipate hewa... ndipo nikasikia sauti yake.

"Leshan, sahau huyo. Si nilikwambia ako na boss huko ndani? Hata ile message ya kazi, yeye mwenyewe aliniambia nimwandikie. Yeyo ashanikubali. Sasa mbona humwambii?"

Mungu wangu! Kumbe ndiye aliyejibu kwa simu yangu, kisha akafuta kila kitu! Mercy alikuwa amezoea kuamini kwamba hakuna kinachopenya pale. Alisahau kwamba chumba kile kinazuia mawimbi, hakizuii maneno.

Nilifungua mlango, nikazunguka nyuma. Simu yake ilikuwa sikioni, yangu iko mkononi.

"Kwani ulikuwa unasikia?" akauliza. Hakuomba hata msamaha! "Wewe unapenda mashine," akaniambia. "Mwanaume anataka mtu anashika simu."

Siku hiyohiyo nilikwenda dukani kwa Leshan. Nilimwambia kila kitu: kiapo, chumba, ujumbe uliojibiwa kwa jina langu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Niliona macho yake yakijaa machozi, nikajua ameelewa. Moyo wangu ulianza kupata nguvu...

"Nakuamini," alisema. "Lakini Mercy ako na mimba yangu. Jana wazee washapeleka ng'ombe kwao."

Kumbe naye hakungoja hata kujua kama ni kweli! Alikuwa akininunia mchana, na huku akifarijiwa na mtetezi wangu. Nani kati yao alinisaliti zaidi? Mpaka leo sijui.

Nilihama ile nyumba niliyoishi na Mercy. Kazi sijaiacha, ila nimepewa mwenzangu mwingine. Kuna siku mlango ukifungwa nyuma yangu nalia mpaka nasahau kuwasha kifaa.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Ukigombana na umpendaye, nenda mwenyewe. Usimtume mtu akakusemee, hata awe amekula nawe sahani moja. Na kama kazi yako ina siri, mketishe mwenzako mapema umweleze kwamba siri ipo, kabla mwingine hajamjazia maneno yake. Mimi Leshan aliniamini, ndiyo... aliniamini wakati ng'ombe wameshafika kwa kina Mercy.