Nyama ya Siku ya Posa

"Liruke jina la baba," Dorkas alisema bila kuinua macho. "Majina ni matatu. Soma mawili, karatasi ikunje."

Alikuwa akichimba viazi vitamu kwa kijiti, na kila kiazi alikitupia kwenye mfuko wa kamba kana kwamba kimemkosea. Mchumba wake, Keweng, alisimama kwenye tuta na karatasi mkononi.

"Nikiliruka, watu watajua."

"Wajue."

"Dorkas, miaka mitatu napanda na kushuka milima hii. Kila kijiji nawaambia msitu wa Sawang hauwindwi. Nimenyeshewa, nimetukanwa, mbwa wao wameniuma mara mbili. Wamenisikia juzijuzi tu, tena kwa sababu nilisema mbele ya kanisa kwamba majina ya wavunjaji nitayasoma mwenyewe, hata akiwa mama yangu mzazi."

"Hukusema hata akiwa baba mkwe."

"Nilikuwa sina."

Huku kwetu milimani, mwanamume akishapeleka nguruwe wa posa, jina la baba mkwe linafia mdomoni mwake. Atamwita "mkwe" mpaka kaburini. Akilitamka hadharani, ameivunja posa kwa ulimi wake mwenyewe. Keweng alipeleka nguruwe wake wiki tatu zilizopita. Na jina la tatu kwenye karatasi ya walinzi wa msitu lilikuwa Yakam, baba yake Dorkas, mzee yuleyule aliyepanda mpakani majani mekundu ya tanget, alama ya kwamba hapa pamefungwa.

Walinzi waliuokota mshale wake kando ya manyoya ya kangaruu wa mitini. Michongo ya mishale ya Yakam inajulikana hata na watoto ambao Dorkas anawafundisha shuleni.

"Kwa nini aliua?" Keweng aliuliza. "Ana nguruwe, ana kuku, na msitu aliufunga yeye. Nieleze, maana nimechoka kujaribu kuelewa peke yangu."

Dorkas aliacha kuchimba.

"Mama yako alikula nini siku ya posa?"

"Nguruwe."

"Alikula mara mbili, akaomba na mafuta yaliyobaki kwenye jani. Yale hayakuwa mafuta ya nguruwe, Keweng."

Keweng alikaa chini palepale, kwenye tuta lenye unyevu.

"Babu yangu alimlisha mama wa mkwewe kangaruu," Dorkas aliendelea. "Na baba yake vilevile. Msichana asipotanguliwa na nyama ile, mama mkwe atamtukana maisha yake yote. Baba aliniambia msitu aliufungia walafi, hakuifungia harusi ya mwanawe."

"Na mimi? Nilikula?"

"Wewe ulisema nguruwe wetu ana nyama laini."

*

Alasiri Keweng alikwenda nyumbani kwa mzee. Yakam alikuwa mlangoni anatafuna popoo, kidole chake cheupe kwa chokaa.

"Mkwe, nimekuja kwa heshima."

"Heshima iingie. Karatasi ibaki nje."

"Sheria tuliitunga pamoja. Wewe mwenyewe ulisema anayeua, anayebeba na anayekula, wote ni wavunjaji."

"Nilisema kwa ajili ya kina Nason wanaouza nyama barabarani. Mimi sikuuza. Nilimlisha mama yako."

"Hakuomba."

"Hakukataa."

"Mkwe, mimi nitawaambia nini watu? Mwaka mzima Nason ananidhihaki kwamba uhifadhi ni kazi ya kugawa fulana. Leo nimekaribia kumnyamazisha, halafu mshale wako ndio—"

"Mshale wangu ulipiga vizuri," Yakam alimkata. "Sikiliza, kijana. Sikukuzuia kusoma. Soma. Ila ukinitaja, nguruwe wako atakurudia na kamba yake shingoni. Mwanangu haolewi na mtu anayeniita kama anaita mbwa."

Keweng aliteremka kilima akijiongelesha. Alipofika kwenye jiwe la mtandao, mojawapo ya mahali pachache kijijini ambapo simu hushika, ujumbe uliingia kutoka kwa mkubwa wake mjini Lae:

"Kesho mkutano wa kijiji usiharibike. Tuma picha watu wakitabasamu."

Aliandika: "Njoo uwatabasamishe wewe." Akafuta. Akaandika: "Sawa."

*

Jumapili, ibada ilipokwisha, kijiji kizima kilikaa kwenye majani mbele ya kanisa. Yakam alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka. Keweng alifungua karatasi.

"Wa kwanza, Nason. Mitego miwili."

"Mitatu," Nason alisema. "Mmoja hamkuuona." Watu walicheka.

"Wa pili, Hagai. Alikata mti wenye kiota."

Kisha akaikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Soma la tatu, bwana mkubwa," Nason alisema. "Au ulimi umechoka kupanda mlima?"

"Nitasoma."

"Tunangoja. Sisi msitu wetu una sheria. Wa wakwe naona una mlango wa nyuma."

Watu hawakucheka safari hii. Keweng aliwatazama, akaona jambo aliloliogopa kuliko matusi: walikuwa wameanza kuinuka kwenda zao.

"Mwingine ni Keweng," alisema.

Waliokuwa wameinuka wakasimama hapohapo.

"Nilikula kangaruu wa Sawang siku ya posa yangu. Sikujua, lakini sheria haisemi anayejua, inasema anayekula. Faini ni nguruwe mmoja, na kupanda tanget mpakani kutoka mtoni mpaka kileleni. Nguruwe niliye naye ni wa harusi. Mchukueni leo."

"Nyama haikutembea ikaingia kinywani mwako," Nason alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Aliyeua ni nani?"

"Yumo kwenye karatasi hii. Siwezi kumtamka, na nyote mnajua kwa nini. Lakini sitasema hayumo." Aliinyoosha karatasi mbele. "Asiyefungwa ulimi aje asome."

Nason alikwisha kunyanyuka. Dorkas alimtangulia.

"Kaa, baba mdogo. Huyu ni wangu."

Aliichukua karatasi, lakini hakuitazama. Alimtazama baba yake.

"Yakam. Baba yangu. Aliua ili mama mkwe asije kunitukana. Baba, nakushukuru. Ila ningevumilia matusi."

Yakam alisimama taratibu. Alitema mate mekundu ya popoo pembeni, akajipangusa mdomo.

"Mshale wangu nirudishieni," alisema. "Ni mzuri." Akaenda zake.

*

Nguruwe wa harusi aliokwa kwa mawe ya moto jioni ileile. Nason alikula mguu mzima, tena akamsifu. Keweng hakuonja.

Siku mbili alipanda tanget peke yake kwenye mvua. Jembe lilivunjika mpini. Dorkas hakuonekana, kwa sababu baba yake alikuwa hasemi na mtu ndani ya nyumba, na binti haondoki nyumba ikiwa katika hali hiyo. Siku ya pili Keweng alipanda kwenye jiwe la mtandao, matope mpaka magotini, ili amwandikie mkubwa wake kwamba anaacha kazi. Ujumbe wa Dorkas ukawahi kuingia:

"Baba ameongea. Amekata mafungu manne ya tanget. Anauliza kesho mkwe wake anaanzia mtoni au kileleni, maana hataki kupanda mlima mara mbili."

Keweng alisoma neno "mkwe" katika ujumbe ule mara nne. Kisha akajibu:

"Mwambie mkwe aanzie kileleni, karibu na kwake, sitaki apande na mzigo. Nitamfuata kutoka mtoni."

Walikutana katikati ya mpaka siku ya tatu. Yakam alikagua mistari ya kijana wake, akasema imepinda, akaing'oa mitatu na kuipanda upya.

Harusi ilingoja mpaka Yakam mwenyewe akakuza nguruwe wa kuziba pengo la yule aliyeliwa. Siku ya harusi mama yake Keweng alipewa kuku. Alitafuna, akatafuna tena.

"Siku ile ya posa," alisema, "nyama ilikuwa laini."

Yakam alikohoa popoo. Dorkas aliinama akamwongezea mchuzi.

"Nitukane tu, mama," alimwambia. "Nimekuja tayari."